Mbegu na majike kwanza: ushauri kwa mkulima na mfugaji wa Mto Tana

Wakazi wa Tana River na Garissa hawakupata nafasi ya kupumua kati ya 2019 na 2024. Nzige waliingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019. Hata hawajaisha, korona ikafunga masoko mengi ya mifugo. Kuanzia vuli ya 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Katikati ya ukame huo, mwaka 2022, gunia la mbolea la kilo 50 lilipita shilingi 6,000. Mvua iliporudi kwa nguvu, vuli ya 2023, ilikuwa ya El Nino: Tana ikavunja kingo zake, na masika ya 2024 ikazivunja tena.

Janga moja familia nyingi hulivumilia. Linaloimaliza ni la pili, linalomkuta mtu ameshakula mbegu na kuuza mbuzi wake wa mwisho wa kuzaa. Huyo hata mvua njema ikinyesha, haina cha kumfaidi. Kwa hiyo kabla ya kufikiria mavuno makubwa, amua mapema ni kitu gani hakitaguswa.

Mbegu itengwe siku ileile ya kuvuna, kabla chakula hakijaingia ghalani, kwa sababu njaa ikishafika mlangoni hakuna mzazi atakayeacha kibaba cha kunde kikae huku watoto wanalia. Igawe sehemu mbili: moja nyumbani, nyingine kwa ndugu anayeishi kwenye mwinuko. Mafuriko yalipokuja, waliokuwa na ghala moja tu bondeni walipoteza chakula na mbegu kwa pamoja.

Kabla ya kuhifadhi mahindi, pima ukavu wake. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia chumvi kavu kidogo na mahindi mpaka ijae kiasi cha theluthi moja. Funga, tikisa vizuri, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Isipoganda, weka kwenye gunia lisilopitisha hewa, lile lenye mifuko miwili ya nailoni ndani, na kila mfuko ufungwe peke yake. Mahindi mabichi ndani ya gunia hilo huoza na kuota kuvu lenye sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Shambani, usiweke kila kitu bondeni. Mahindi na mpunga vipate ardhi ya mto, lakini mtama, kunde na ndengu vipate kipande cha juu, hata kama ni kidogo. Mafuriko yakipungua, panda kunde au ndengu upesi kwenye unyevu uliobaki. Mahindi yanahitaji maji kwa muda mrefu zaidi.

Kwa mfugaji, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame. Ikisema hali imefika tahadhari, uza madume na mifugo waliozeeka wakiwa bado na nyama mwilini. Bakiza majike wachanga. Ukingoja hadi dharura, utauza pamoja na kila mtu, na bei haitatosha kununua unga.

Kuna hatari ambayo wengi huisahau kwa furaha ya majani mabichi. Maji yakituama baada ya mvua kubwa, mbu huzaliana na homa ya Bonde la Ufa huweza kulipuka. Mwaka 2006 na 2007 iliua watu zaidi ya 150 nchini, na Garissa iliumia sana. Dalili ni majike wengi kuharibu mimba kwa mkupuo na wana-kondoo kufa ghafla. Ukiona hivyo, mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usishike kijusi kwa mikono mitupu, usichinje mnyama mgonjwa, na maziwa yachemshwe. Chanjo itolewe kabla ya mvua, na mwambie mtoa chanjo ni majike gani wana mimba, maana baadhi ya chanjo huharibu mimba. Mlipuko ukishaanza, sindano inayopita toka mnyama mmoja hadi mwingine inaweza yenyewe kuueneza ugonjwa.