Mashindano ya mshipi Mikindani: pangeni nafasi kwanza, samaki baadaye

Mpwa wangu wa Shangani alinifuata na daftari lake. Yeye na wenzake wanataka kufanya mashindano ya kuvua kwa mshipi kwenye ghuba ya Mikindani, hapa Mtwara, timu nne: Mikindani wenyewe, Shangani, Msanga Mkuu, na wageni kutoka Lindi. Mpango wao ulikuwa mistari mitatu. Filimbi inalia, watu wanavua, mwenye kilo nyingi anabeba zawadi. Nikamwambia, mpwa, kwa mpango huo mshindi anajulikana kabla filimbi haijalia. Ni yule aliyelala upande wa mlango wa ghuba tangu usiku, maana kila mtu Mikindani anajua kolekole anapitia wapi.

Hili jambo wenzetu walishalitolea jasho zamani. Miaka ya themanini nilikuwa mpishi kwenye meli za mizigo, na tukifunga Antwerp au Ghent, bandari za Ubelgiji, Jumapili nikipata ruhusa nilikuwa natembea hadi kwenye mifereji yao. Unakuta wanaume wamekaa mstari mrefu ukingoni, kila mmoja na kigingi chake chenye namba, juu ya kisanduku chake, na ufito mrefu usio na gurudumu la mshipi. Hakuna anayepiga kelele. Samaki wenyewe vidole tu, mtu anavuta, anatoa, anarudisha ndoana, anavuta, mpaka unachoka kuhesabu. Mwishoni wanavipima kwa gramu kama sonara anavyopima dhahabu. Mimi mtoto wa pwani nilicheka sana. Jumapili ya pili nikaacha kucheka, nikaanza kuuliza maswali, na nikawa nanunua magazeti yao ya uvuvi kila tukitia nanga.

Nilichojifunza ni kwamba mashindano ya kimataifa ya uvuvi ule yalikuwa na utaratibu mkali. Shirikisho lao la kimataifa la uvuvi wa michezo, CIPS, lilianzishwa Roma mwaka 1952, na mashindano ya kwanza ya dunia ya maji baridi yakafanyika mwaka 1957. Utaratibu ule unafaa Mikindani karibu wote, ila sehemu moja, nayo ni maji kujaa na kupwa. Nitaifikia.

Anzeni na kanda. Gaweni ufukwe kanda nne, A mpaka D. A iwe upande wa kuelekea mlango wa ghuba, D iwe karibu na mikoko. Kila timu iwe na watu wanne, na kila kanda iwe na mtu mmoja tu wa kila timu. Kule kwenye mashindano ya dunia timu ilikuwa na watu watano na kanda tano, hesabu ni ileile. Ndani ya kanda pigeni vigingi, mtu na mwenzake waachane hatua kumi au zaidi ili mishipi isisokotane. Halafu kura. Nahodha wa kila timu aamue kwanza nani anakwenda kanda gani, aandike, akabidhi karatasi. Baada ya hapo ndipo achomoe namba za vigingi kwenye kofia, mbele ya watu wote. Mpangilio huu usigeuzwe. Nahodha akishajua kigingi kizuri kiko wapi, atampeleka shemeji yake.

Sasa pointi, na hapa ndipo nilipomkalisha mpwa wangu chini na kalamu. Kilo za timu hazijumlishwi. Kila mtu anashindana na watu wa kanda yake tu. Wa kwanza katika kanda anapata pointi 1, wa pili 2, wa tatu 3, wa nne 4. Mnajumlisha pointi za timu, na mwenye pointi chache ndiye mshindi.

Chukua mfano. Timu moja ina kijana kanda A aliyenasa kolekole wa kilo 9.2. Wenzake watatu wameleta kilo 0.3, 0.4 na 0.5, wawili wakawa wa mwisho katika kanda zao na mmoja wa tatu. Jumla kilo 10.4, lakini pointi ni 1 na 4 na 4 na 3, yaani 12. Timu nyingine imeleta kilo 3.1, 1.2, 0.9 na 0.8, jumla kilo 6 tu, ila wamekuwa wa pili, wa kwanza, wa kwanza na wa pili. Pointi 6. Hao wameshinda, na wameshinda kihalali: wanne wote wamevua. Yule wa kolekole mpigieni makofi, mpeni zawadi yake ya samaki mkubwa, yaishe.

Mtu akikosa kabisa, msimpe sifuri, maana hapa sifuri ingekuwa tuzo. Waliokosa wanagawana nafasi zilizobaki. Wakikosa wawili katika kanda ya watu wanne, wamebakiwa na nafasi ya 3 na ya 4, basi kila mmoja anaandikiwa 3.5.

Mpwa wangu akabisha: "Mjomba, si bado ni bahati ya kura?" Kwa siku moja, bahati ipo. Ndiyo maana mashindano ya dunia yalikwenda siku mbili, na kura inapigwa upya siku ya pili. Angalia pia majina yaliyojirudia. Robert Tesse wa Ufaransa alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1959, 1960 na 1965. Bob Nudd, Mwingereza, alitwaa ubingwa Yugoslavia mwaka 1990, Hungaria 1991, nyumbani kwao Uingereza 1994, na Hispania 1999: maji manne tofauti kabisa. Alan Scotthorne akachukua mfululizo 1996, 1997 na 1998. Kura gani hiyo inayompenda mtu mmoja miaka yote hiyo?

Waingereza wenyewe walisota. Wafaransa na Waitaliano waliwatesa kwa fito zao na visamaki vyao. Timu ya Uingereza haikupata dhahabu mpaka mwaka 1985, kwenye mto Arno, Florence. Ninawaambia vijana wa Shangani jambo hili kwa sababu nawajua: wote watakuja na ndoana za kumnasa papa. Atakayeshinda kanda D ni mwenye ndoana ndogo, mshipi mwembamba, vipande vya ngisi visivyozidi ukucha, anayetoa chaa mmoja baada ya mwingine bila kuinuka. Tasi naye atakuja, ila mumshike kwa kitambaa, miiba yake ina sumu. Bunju ni samaki wa sumu, asipimwe wala asipelekwe nyumbani.

Chambo cha kumwaga majini ili kukusanya samaki kiruhusiwe, lakini kwa kipimo. Kule waamuzi walikagua ndoo za kila mtu kabla ya kuanza. Walikuwa na dakika kumi kabla ya filimbi ya kuanza za kutupa madonge makubwa, na baada ya hapo ni vidonge vidogo tu vya kufinyanga kwa mkono mmoja. Sisi tuseme ndoo moja ndogo kwa mtu: pumba za mahindi, vichwa vya dagaa vilivyopondwa, na mchanga kidogo ili donge lizame lisichukuliwe na mkondo. Hilo la dakika kumi lishikeni, linazuia mtu kumwogopesha samaki wa jirani kwa kutupa madonge saa nzima.

Sasa maji. Mfereji wa Ubelgiji haupwi. Hapa kwetu wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka mita tatu hivi, na kigingi cha asubuhi kinaweza kubaki kwenye tope kabla ya saa sita. Kwa hiyo msichague tarehe kwa kuangalia kalenda ya ofisini. Chagueni maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, tarehe 8 au 9 za mwezi mwandamo, ama 22 au 23. Siku hizo maji hujaa kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo filimbi ilie saa moja na mvue kwa muda wa saa tatu nzima maji yakiingia. Upepo wa kusi ukiwa mkali msijisumbue. Maleleji ya Oktoba na Novemba, upepo ukiwa umetulia, ndiyo mazuri, ingawa nusu ya vijana watakuwa mashambani kwenye korosho. Kila mkaguzi wa kanda apite mwenyewe siku moja kabla, saa ileile, aone maji yanafika wapi kwenye kila kigingi.

Filimbi ya mwisho isiwe na mjadala. Samaki aliyeshatoka majini wote anahesabiwa, aliye bado majini hahesabiwi, hata kama kichwa kinaonekana. Watu wakae kwenye vigingi vyao, mizani iwafuate. Wasiende wao kwenye mizani, la sivyo ndoo zitakutana njiani na samaki watahama. Kule wanawaweka hai ndani ya nyavu ndefu na kuwarudisha majini baada ya kupima. Sisi tutakula, ila wekeni kipimo cha urefu kwenye kijiti, na asiyefika kijiti arudishwe mara tu anapotolewa.

Mizani nayo, jamani. Kusini hii watu wameshagombana vya kutosha juu ya mizani za korosho. Tafuteni ya kidijitali inayosoma gramu, ijaribiwe asubuhi kwa pakiti ya sukari ya kilo moja mbele ya manahodha wote wanne, na mpimaji awe mtu asiye na ndugu katika timu yoyote. Mikindani hiyo itakuwa kazi, kwa hiyo mwombeni mwalimu mgeni. Uzito ukishatajwa, mvuvi anasaini palepale, na akishasaini hana tena la kudai.