Jinsi ya Kuutembea Mji wa York kwa Miguu Kama Mwenyeji

Wazazi wengi wa Kisumu na Nakuru wana watoto wanaosoma au kufanya kazi Uingereza, na wanapopata nafasi ya kuwatembelea, safari yao mara nyingi huishia London. Ushauri wangu ni kwamba utenge siku moja nzima kwa ajili ya York, mji wa kaskazini ambao garimoshi kutoka stesheni ya King's Cross huufikia kwa takriban saa mbili. Sehemu yake ya kale ni fupi kuliko mwendo wa kutoka mtaa wa Kondele, Kisumu, hadi ufuoni mwa ziwa, kwa hiyo huhitaji gari wala teksi.

Jambo la kwanza la kujifunza ni majina, kwa sababu yatakupoteza usipoyaelewa. Warumi waliuanzisha mji huu mwaka 71, lakini waliouachia lugha ya mitaani ni Waviking, mabaharia wa kivita kutoka Skandinavia, ambao waliuteka mwaka 866 na kuuita Jorvik. Katika lugha yao, barabara iliitwa "gata", na ndiyo maana Stonegate, Goodramgate na Micklegate ni barabara, wala si malango. Malango yenyewe huitwa "bar", kama vile Bootham Bar na Monk Bar, na hayahusiani kabisa na pombe. Mtu akikuambia mkutane Monk Bar, nenda ukasimame penye mnara wa mawe uliojengwa juu ya njia.

Jambo la pili ni mwanga. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tumezoea jua linalotua karibu wakati ule ule mwaka mzima, lakini York mwezi wa Desemba hutiwa giza kabla ya saa kumi na moja jioni, ilhali mwezi wa Juni jua huwepo hadi baada ya saa tatu na nusu usiku. Hili lina uzito kwa sababu njia iliyo juu ya ukuta wa mji hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa giza linapoingia, na wakati wa barafu huenda isifunguliwe kabisa. Vaa viatu vyenye soli isiyoteleza, na ubebe koti la mvua, kwa kuwa mvua ya huko si ile ya Kisumu inayoshuka kwa ngurumo alasiri kisha ikaisha. Inaweza kunyunyiza polepole kutwa nzima.

Ukitoka stesheni, vuka mto Ouse kwa daraja la Lendal, pitia bustani yenye magofu ya abasia (makao ya watawa) ya St Mary's, kisha upande ukuta pale Bootham Bar. Ukuta wote una urefu wa zaidi ya kilomita 3, na hakuna malipo ya kuupanda. Kipande cha kutoka Bootham Bar hadi Monk Bar ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa maana kinakuonyesha kanisa kuu, York Minster, kutoka upande wa nyuma, juu ya miti na bustani ambazo aliye barabarani hazioni. Mshike mtoto mkono, kwa sababu upande wa ndani wa ukuta kuna mahali pasipo na uzio. Ukiendelea mbele, utaona ukuta umekatika karibu na mto Foss. Haukubomoka: palikuwa na bwawa la samaki la mfalme, lililotokea mto ulipozibwa katika zama za William Mshindi, na maji hayo yalitosha kuwa ulinzi.

Lakini mimi nakushauri ushuke Monk Bar na uingie Goodramgate. Hapo pana safu ya nyumba zilizojengwa mwaka 1316, na nyuma yake, kupitia kilango ambacho wengi hukipita bila kukiona, liko kanisa dogo la Holy Trinity lenye viti vya mbao vilivyozungushiwa kuta kama vibanda. Kaa humo kidogo kabla ya kwenda Shambles, barabara ya mabucha ya zamani, ambako ghorofa za juu zimejitokeza mbele ili kuikinga nyama na jua, na kulabu za kuitundikia bado zipo. Fika huko asubuhi, kabla ya umati.

Mwenyeji wa York hutumia vichochoro, kama vile mwenyeji wa Kisumu anavyojua njia za kukatiza nyuma ya maduka. Kimoja kinachofaa kuanzia ni Coffee Yard, ambacho mlango wake, barabarani Stonegate, umewekewa sanamu ndogo ya shetani mwekundu, alama ya wapiga chapa wa kale. Usiogope kupotea, mnara wa Minster utauona tena baada ya hatua chache. Ukiuliza njia na mwenye duka akakuita "mpenzi", huo ni ukarimu wa kawaida wa Yorkshire. Kuingia Minster kutazama kuna ada, ila ibada ya jioni yenye kwaya haina kiingilio.

Alasiri, teremka hadi mtoni. Karibu na daraja la Ouse kuna nyumba ya vinywaji iliyoandika vimo vya mafuriko ya miaka mbalimbali, na aliyeona maji ya ziwa yakipanda hadi Dunga mwaka 2020 ataelewa alama hizo mara moja. Kisha nenda Clifford's Tower, mnara wa ngome ya kale ulio juu ya kilima, ambapo mwaka 1190 Wayahudi wapatao 150 waliangamia wakiwa wamezingirwa na umati. Nyamaza hapo, usome kibao kilicho chini ya kilima.

Kwa kurudi, vuka daraja la Skeldergate, panda ukuta tena penye Baile Hill, na uufuate kupitia Micklegate Bar, lango ambalo wafalme waliingilia na ambalo juu yake vichwa vya wahaini vilitundikwa. Ukuta huo utakushusha karibu na stesheni, mradi umeupanda kabla ya giza.