Mwanafunzi akirukia Kiarabu katikati ya sentensi

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Muscat, watu wazima watupu. Mwaka wa kwanza niliweka kisanduku cha faini: baisa 100 kwa kila neno la Kiarabu. Darasa likanyamaza kama msikiti baada ya isha. Nikakitupa.

Siku hizi kwanza nasikiliza mtu amerukia Kiarabu kwa nini. "Yaani" mwachie. Ni pumzi ya kufikiria, na sisi Waswahili tuliichukua kwao bila kuirudisha.

Akikosa neno, asikimbilie simu. Aliingize la Kiarabu na amalize: "I must renew the mulkiya." Ndipo uandike ubaoni neno la kadi ya gari, naye arudie sentensi nzima tangu mwanzo. Ukimpa neno peke yake, atakuwa amelisahau kabla hajafika maegeshoni.

Kazi kubwa iko kwenye Kiarabu kilichovaa suti ya Kiingereza. "Open the light": kwao taa hufunguliwa. "The man that I saw him": Kiarabu huweka ile -hu ("him") mwishoni. Hapo mimi ndiye ninayerukia Kiarabu, tena makusudi. Naandika *alladhi ra'aytuhu*, chini yake sentensi ya Kiingereza, napigia -hu mstari: hii haivuki. Dakika mbili zinatosha; kuwaeleza wanaoanza kwa Kiingereza kitupu kungekula nusu ya kipindi. (Usiwacheke. "Niliyemwona" yetu nayo ina -m- yake.)

Wakinong'onezana kuhusu zoezi, waache, kisha mmoja akueleze kwa Kiingereza anachotakiwa kufanya. Wakishindwa wote, maelekezo yako ndiyo mabovu.

Anayejibu kila kitu kwa Kiarabu mara nyingi anaona haya. Kiarabu hakina p, na mzee mwenye ndevu nyeupe hataki "parking" yake itoke "barking" mbele ya kijana sawa na mwanawe. Usimsimamishe. Mkalishe na wa rika lake, umpe swali la kujibiwa kwa maneno matatu. Kwa p, ashike kipande cha karatasi mbele ya midomo: ikitikisika, kaipata, ikitulia, ni b. Mzee wangu mmoja alijaribu kwa aibu, nusu amegeukia ukutani. Wiki iliyofuata alikuja na karatasi yake mwenyewe, ameikunja vizuri ndani ya mfuko wa dishdasha, kanzu ya huku.