Msamiati wa taka, jembe mkononi

Kama una mtoto wa sekondari anayehangaika na maneno ya Kiingereza kwenye mada ya mazingira, mpe jembe. Huku Uyole, Mbeya, wengi tuna shimo la taka nyuma ya nyumba, basi kila tendo alitaje kwa sauti wakati uleule analifanya: dig akichimba, dump akimwaga maganda ya parachichi na ndizi, cover akirudishia udongo, bury, yaani kufukia, kazi nzima ikiisha. Hilo la mwisho hutamkwa "beri", si "buri", wengi huteleza hapo. Neno likienda pamoja na kazi ya mikono hushika kuliko likikaririwa daftarini, na mpangilio wa kazi wenyewe unamkumbusha lipi linafuata. Kesho yake asimulie alichofanya, ndipo dug na buried zinapoingia bila kukaririshwa. Rot lisubiri wiki kadhaa, mfukue muone. Juni na Julai baridi yetu huchelewesha kuoza, kwa hiyo msitegemee makubwa.

Mbinu hii inagoma kwa vitu ambavyo shimo lako halina. Landfill ya kisasa, kwa mfano, ni dampo lililojengwa, lenye tandiko chini la kuzuia maji machafu yasipenye ardhini, na maji hayo ndiyo leachate. Hapo mchoree kwenye karatasi tu. Na betri au plastiki zisiingie shimoni eti kwa sababu ya somo.