Tangi la samaki likivuja, acha maji yakuonyeshe tundu
Nimelijua hili juzi, tangi langu la lita 60 lilipoanza kulowesha meza. Usikimbilie kupaka silikoni kila kona. Chomoa vifaa vyote vya umeme, hamishia samaki kwenye ndoo pamoja na maji yao yaleyale, pampu ya hewa na sponji ya chujio (bakteria wanaosafisha maji wamo humo, sponji ikikauka wanakufa). Ndoo hiyo iwe haijawahi kuguswa na sabuni. Mimi sasa nimeitenga moja kabisa. Kisha kausha kioo kwa nje, bandika utepe kwenye usawa wa maji, uyaache yashuke. Pale yatakapokoma kushuka ndipo penye tundu, kwa sababu maji yaliyo chini yake hayana pa kutokea. Tafuta kwenye viungio vya usawa huo tu. Kwangua silikoni ya zamani kwa wembe, maana mpya haishikani vizuri na ya zamani, paka, usubiri saa 48 kabla ya kujaza. Nunua isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Nyingi za bafuni zinayo, na ni sumu kwa samaki.

Njia hii haisaidii tundu likiwa kwenye kiungio cha chini: maji yataisha yote bila kukuonyesha kitu. Na kama yanashuka polepole huku meza ni kavu, huenda ni joto tu linayakausha.