Namna ya kuonyesha filamu ya zamani yenye muziki wa ufunguzi

Filamu nyingi kubwa za miaka ya 1950 na 1960 zilianza na muziki mtupu, bila picha. Zilionyeshwa kwa tiketi za viti vyenye namba, na muziki huo ulipigwa pazia likiwa bado limefungwa, watu wakitafuta viti vyao. Leo ukiiweka nakala hiyo hiyo kwenye projekta na kuzima taa zote, watu wanabaki wanakodolea macho skrini nyeusi. Dakika ya pili mtu anapaza sauti, "Fundi, picha!", na fundi anabonyeza kupeleka mbele. Onyesho limeshaharibika.

Anza kwa kukagua nakala siku moja kabla. *Lawrence of Arabia* (1962) ina muziki wa Maurice Jarre wa zaidi ya dakika 4 kabla ya nembo ya kampuni ya filamu ya Columbia. Nembo ikitokea tu unapobonyeza kuanza, muziki umekatwa; tafuta nakala nyingine. *2001: A Space Odyssey* (1968) ina karibu dakika 3 za muziki wa mtunzi Ligeti juu ya weusi mtupu. Angalizo kwa *Ben-Hur* (1959): simba wa nembo ya kampuni ya MGM hangurumi. Usihangaike na nyaya, ndivyo ilivyotengenezwa.

Pima sauti kwa sehemu ya mazungumzo, kamwe usipime kwa muziki wa ufunguzi. Ngoma za mwanzo wa *Lawrence* zinashtua, na ukizipunguza, baadaye maneno hayasikiki na utaanza kupandisha na kushusha usiku kucha. Tafuta watu wawili wanaoongea kwa sauti ya kawaida, keti safu ya nyuma, rekebisha mpaka kila neno lisikike, kisha ongeza kidogo kwa sababu ukumbi uliojaa watu hunyonya sauti. Weka alama ya kalamu kwenye amplifaya.

Tatizo linalofuata ni weusi wenyewe. Projekta nyingi hazitoi weusi kamili. Skrini inabaki na mwanga wa kijivu unaowafanya watu wadhani mashine imegoma. Kama una pazia, lifunge. Kama huna, tumia kitufe cha rimoti kinachoficha picha. Lakini kitufe hicho mara nyingi huzima na sauti inayopitia kwenye projekta, kwa hiyo toa waya wa sauti moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta au deki hadi kwenye amplifaya. Usizibe lenzi kwa boksi au kitambaa: joto la taa linarudi ndani na linaweza kuharibu lenzi.

*West Side Story* (1961) ina sheria yake. Muziki wake una picha: mistari ya msanifu wa michoro Saul Bass juu ya rangi inayobadilika, ambayo mwishoni inageuka kuwa Manhattan, New York. Ukifunga pazia hapo umewanyima watu kitu kizuri mno. Acha wazi, punguza taa mapema.

Usiku wenyewe, matangazo yote yaishe kabla. Kama tiketi inasema saa 1:00 usiku, muziki uanze saa 1:00 kamili, taa zikiwaka, milango ikiwa wazi. Mwambie mtu mmoja mwenye saa asimame kando ya swichi. Ikibaki dakika moja muziki uishe, taa zishuke nusu. Ikibaki sekunde 10, zizimwe kabisa na pazia lianze kufunguka, ili nembo iikute skrini iliyo wazi. Pazia lako likichukua sekunde 20, lianze mapema zaidi, lipime mchana.

Majina ya mwanzo ndiyo kipimo chako bora cha picha. Katika majaribio simamisha hapo, utazame herufi nyembamba za pembeni: zikiwa na ukungu, lenzi haijakaa sawa, zikikatwa ukingoni, mashine inakuza picha kupita kiasi, zima mpangilio huo.

Wakati wa mapumziko, mambo ambayo watazamaji wa filamu za Kihindi wanayajua vizuri, simamisha kwenye neno linalotangaza mapumziko. Toa dakika 15. Nakala nyingi zina muziki wa pili wa kuwarudisha watu: uanze wakiwa bado mlangoni, kwa taratibu ile ile ya taa. Muziki wa kutokea ukifika, washa taa polepole, funga pazia na fungua milango, lakini acha upigwe mpaka mwisho.