Somo: Kupiga picha ndege za zamani huku propela ikionekana inazunguka

Picha nyingi za ndege za zamani ambazo wanachama hunitumia zina kasoro ileile. Ndege iko angani, rangi zimekaa vizuri, fokasi imeshika hadi ribiti za bati zinahesabika, lakini propela imeganda. Ndege inabaki kuonekana kama kitu cha kuchezea kilichotundikwa kwa uzi. Jeti inastahimili kasi kubwa ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga, kwa sababu hakuna kinachozunguka nje yake. Ndege za propela kama Tiger Moth, Stearman au Dakota hazistahimili. Uhai wa ndege hizi uko puani na kwenye injini, na somo hili ni la kuunasa uhai huo.

Sisi watu wa Kisumu tuna sababu ya kulipenda jambo hili kuliko wengi. Mwaka 1931 Imperial Airways ilipofungua njia yake ya Afrika, ndege za kutua majini aina ya Short Calcutta zilikuwa zikishuka ziwani hapa kutoka Khartoum. Kuanzia 1937 zikaja Short Empire, kubwa zaidi, zikipita hapa katika safari ya Southampton hadi Durban. Kampuni ya Wilson Airways, aliyoianzisha Florence Kerr Wilson mwaka 1929, ndiyo iliyokuwa ikiunganisha Kisumu na Nairobi kwa ndege ndogo. Leo hakuna Short Empire hata moja iliyobaki nzima duniani. Tunazijua kwa picha tu, na ndiyo maana nawahimiza wanachama wapige vizuri hizi chache ambazo bado zinaruka.

Nafasi zenyewe ni chache. Kulikuwa na maonyesho ya angani pale Uhuru Gardens, Nairobi, Mei 2022. Mwishoni mwa 2016 msafara wa ndege za mabawa mawili za miaka ya 1920 na 1930 ulipita Kenya ukitoka Crete kwenda Cape Town. Ndege ikishapita mbele yako imepita, hairudishwi. Kwa hivyo mazoezi yote yafanyike nyumbani, kabla ya kukata tiketi ya basi.

Hatua ya kwanza: ijue propela kabla ya kushika kamera

Hapa ndipo penye somo lote, tukae kidogo.

Tiger Moth ina propela ya mapanga mawili inayozunguka kama mara 2,000 kwa dakika ikiwa angani. Hiyo ni mizunguko 33 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/1000, yaani shata ikifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, propela inasogea nyuzi 12 tu wakati shata iko wazi, nayo macho huyaona hayo kama kusimama. Kwa 1/125 inasogea nyuzi 96, yaani zaidi ya robo ya duara. Kwa 1/60 inapita nyuzi 200. Mapanga yakiwa mawili, kila moja likizunguka nusu duara, yaani nyuzi 180, duara zima limefunikwa. Kwa hiyo 1/60 inakupa duara kamili lenye ukungu mwembamba, na 1/125 inakupa vipande viwili vikubwa vya ukungu vinavyotosha kabisa kuonyesha mwendo.

Dakota, yaani Douglas DC-3 iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, ni tofauti. Injini zake zina gia inayopunguza mizunguko, kwa hivyo propela yenyewe huzunguka kama mara 1,150 tu kwa dakika ikiwa safarini. Inakwenda polepole kuliko ya Tiger Moth, lakini ina mapanga matatu. Kwa 1/60 kila panga linasogea nyuzi 115 hivi, na pengo kati ya panga na panga ni 120. Karibu duara lote hilo. Kwa 1/250 utapata alama nene tatu, na kwa mtu anayeanza si haba.

Kanuni ninayoifuata mimi: anza na 1/250 mpaka upate picha kadhaa kali, kisha shuka hadi 1/160, halafu 1/125. Kule 1/60 nenda ukiwa tayari una picha za kutosha kwenye kadi, maana nyingi zitatikisika.

Hatua ya pili: fundisha mwili wako

Kasi ndogo ya shata inadai kamera iende sawasawa na ndege. Geuza miguu ielekee pale unapotaka kubonyeza, si pale ndege inapotokea. Kisha zungusha kiuno kuifuata ndege tangu mbali. Viwiko vibane mbavuni, mkono wa kushoto ubebe lenzi kwa chini. Bonyeza kitufe taratibu, na usisimame baada ya kubonyeza. Endelea kuifuata ndege mpaka ipite. Wengi hukwama hapo: wakisikia shata wanakaza mwili, na picha ya mwisho inaharibika.

Mwalimu mzuri wa zoezi hili ni bodaboda. Simama mahali salama kando ya barabara, pembeni kabisa, mita kama 30 kutoka njia wanayopita. Weka 1/60. Lengo ni hili: namba ya pikipiki isomeke, spoku za gurudumu zisionekane hata moja. Ukiweza hivyo mara kwa mara, Tiger Moth haitakushinda. Zungumza kwanza na vijana wa stendi, waeleze unachofanya. Mara nyingi watafurahi na watataka kutumiwa picha. Watumie.

Furukombe, wale tai wala samaki wa Dunga, ufukweni hapa Kisumu, nao wanafaa, ila kwa kazi nyingine: kujizoeza kukipata kitu kidogo angani na kukishikilia kwenye fokasi. Hao piga kwa kasi kubwa.

Uwanja wa ndege wa Kisumu usiulenge kwa kamera kupitia ua bila ruhusa. Viwanja vya ndege na kambi za jeshi ni maeneo yanayolindwa, na askari akikusimamisha ana haki. Omba ruhusa ofisini kwao. Ukiipata, zile Dash 8 zenye propela za mapanga sita zitakupa mazoezi mazuri, lakini zisikudanganye. Mapanga sita huziba duara upesi. Propela ikizunguka mara 1,020 kwa dakika, 1/100 tayari inatosha. Tiger Moth haikuhurumii hivyo.

Hatua ya tatu: kamera

Weka modi ya kuchagua kasi ya shata. Fokasi iwe ile inayofuata kitu kinachosogea, na kamera ipige mfululizo. Lenzi ya 70–300 inatosha, na ya mtumba iliyokaguliwa vizuri haina ubaya. Kama lenzi ina kizuia mtikisiko chenye modi namba 2, hicho ndicho cha kufuata vitu vinavyokwenda kando.

Tatizo litakuwa jua letu. Jua likiwaka, ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kunasa mwanga) na 1/125 zitaifanya kamera ikaze tundu la lenzi hadi karibu f/16; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Ukishuka 1/60 ni f/22. Hapo picha inalegea ukali, na kila punje ya vumbi kwenye kihisi inajitokeza angani kama doa. Nunua filta nyeusi ya ND4. Inakata mwanga vituo viwili, yaani inabaki robo, nawe kwa 1/125 unarudi f/8, na lenzi nyingi hapo ndipo zinapotoa ukali wao. Kati ya vifaa vyote vya ziada, hicho ndicho ningetumia pesa yangu kwanza.

Hatua ya nne: jua na upepo

Sisi tuko karibu na ikweta kabisa. Mstari wenyewe unapita Maseno. Jua hufika utosini karibu saa saba kasorobo mchana, na wakati huo tumbo la ndege linakuwa jeusi hata ufanye nini. Mwanga wa kupigia ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Asubuhi jitafutie mahali ambapo mgongo wako unaelekea mashariki, jioni magharibi.

Ndege huruka na kutua zikielekea upepo unakotoka. Ukifika uwanjani, tazama kifuko cha upepo kwanza, ndipo uchague pa kusimama. Ndege inapokata kona ikielekea upande wako, unaona migongo ya mabawa yote na kichwa cha rubani. Hiyo ndiyo picha ya kusubiri. Ile ya tumbo iache ipite.

Hatua ya tano: usikimbilie angani tu

Fika mapema ukae karibu na injini zikiwashwa, nyuma ya kamba, palipo halali. Injini za mviringo, zile ambazo silinda zake zimepangwa kuzunguka mhimili, huvuja oili taratibu hadi silinda za chini wakati ndege imeegeshwa. Kabla ya kuwasha utamwona fundi akishika panga la propela kwa mikono miwili na kulisukuma, kisha anashika linalofuata, taratibu, ili kuhakikisha oili haijaziba silinda. Piga hilo. Piga mikono yake. Halafu rubani anawasha: propela inazunguka mara chache kwa kusitasita, silinda moja inashika, ya pili inashika, na oili iliyobaki inatoka kwenye ekzosti kama moshi mzito wa rangi ya samawati unaofunika ubavu mzima wa ndege. Una sekunde chache tu. Injini hapo inazunguka polepole, kwa hivyo shuka hadi 1/30, na ndege imesimama, mkono hautatikisika sana.

Kuhusu usalama sina mzaha. Propela inayozunguka haionekani vizuri, hasa ukiwa umeziba jicho moja kwa kamera. Usivuke kamba hata kama mtu mwingine amevuka.

Hatua ya sita: nyumbani

Nyoosha upeo wa macho, futa madoa ya vumbi, basi. Sishauri kuichora propela ukungu kwa programu. Mtu anayezijua ndege hizi huona mara moja, na anaacha kuiamini picha yako nzima.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mimi niko Kakamega, nina simu tu. Nikipiga propela mapanga yanatokea yamepinda, mengine yamekatika kabisa. Simu ni mbovu?*

Marahaba. Simu ni nzima. Kihisi chake husoma picha mstari baada ya mstari, na propela inasogea kabla hakijamaliza. Mwanga mkali unazidisha, kwa sababu simu hufungua kwa muda mfupi mno. Ingia modi ya kurekebisha kwa mkono, weka 1/60, kisha shikilia filta nyeusi mbele ya lenzi. Mapanga yatageuka ukungu na huo mpindo hautaonekana sana. Na ndege ikiwa imeegeshwa, simu yako inatosha kabisa.

*Niko Eldoret. Siku ya mawingu ndege yangu hutoka nyeusi tii, anga nyeupe.*

Kamera inatazama anga nyeupe na kudhani kuna mwanga mwingi. Tumia kitufe cha +/-, kile cha kuongeza au kupunguza mwangaza wa picha, panda hadi +1, na ikibidi +1.7. Anga itapotea, iache ipotee. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili uweze kuinua vivuli baadaye.

*Hapa kwetu Nakuru kuna historia yoyote ya ndege za zamani, au ni Kisumu tu?*

Ipo, ndugu yangu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kitengo cha mafunzo namba 70 cha RAF, jeshi la anga la Uingereza, kilikuwa Nakuru, marubani wakijifunza kurusha ndege za kivita za Blenheim. Na rubani Beryl Markham, aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936 kwa Percival Vega Gull akitokea mashariki kuelekea magharibi, alikulia hapo Njoro. Lakini uwanja wa Lanet ni wa jeshi, kamera iache nyumbani.

*Naweza kurusha droni niipige ndege kutoka juu?*

Hapana. Droni inahitaji kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na siku ya maonyesho anga ile imetengewa marubani. Ndege ya kitambaa na mbao ikigonga droni, kuna mtu ndani yake.

*Dada yangu anaishi Uingereza na amenialika mwezi wa saba. Niende Duxford au Old Warden?*

Vyote viwili ni viwanja vya maonyesho ya ndege; Duxford ukitaka Spitfire, zile ndege za kivita, nyingi kwa mpigo. Ila watazamaji husimama kaskazini mwa barabara ya kurukia, kwa hivyo kwa sehemu kubwa ya siku utakuwa unatazama jua. Kwa somo letu hili ningekuambia Old Warden. Ni uwanja mdogo wa nyasi, ndege zinapita karibu, na mkusanyiko wao wa Shuttleworth una Blériot XI ya mwaka 1909 ambayo bado inaruka. Chagua maonyesho ya jioni, maana Blériot haitolewi upepo ukivuma, na upepo hutulia jua likielekea kuzama. Inakwenda polepole sana, chini sana, kwa hivyo hata 1/60 utaimudu. Mwombe dada akate tiketi mapema.